Muulize Mkutubi: Ukurasa uko wapi?

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wanaoandika tasnifu, na karibu zote zinauliza jambo lilelile kwa sura mbalimbali: neno la mtu mwingine naliingizaje kwenye kazi yangu? Nilikaa miaka mingi kwenye dawati la huduma kwa wasomaji katika maktaba ya chuo hapa Dar es Salaam, na tangu nistaafu nasoma rasimu za wanafunzi wanaonifuata nyumbani. Nikikutana na nukuu huwa nauliza swali moja tu: ukurasa uko wapi? Nikipewa, nachukua kitabu nasoma. Kama sentensi ipo, na inasema kile unachodai inasema, basi mengine yote ni mabano na mikato, tutayarekebisha jioni moja. Kama haipo, hakuna mtindo wa marejeleo utakaoiokoa.

Shikamoo Mama Mkutubi. Nasoma shahada ya uzamili Dodoma. Tasnifu yangu imepitishwa kwenye Turnitin, ile programu ya kukagua maandishi yanayofanana, ikatoka na asilimia 34. Msimamizi amesema niishushe. Pale steshenari kuna kijana anasema kwa elfu hamsini ataishusha usiku mmoja. Wenzangu wanasema nibadilibadili maneno mwenyewe. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Elfu hamsini yako ibaki mfukoni. Nimezisoma kazi zilizopita mikononi mwa watu wa namna hiyo, na zinasikitisha. Programu yao inaingiza kisawe popote inapokikuta, hata pale ambapo neno ni istilahi ya fani yako na halina kisawe. Wengine huchomeka herufi za Kirusi au za Kigiriki zinazofanana kwa sura na a, e na o zetu ili mashine isilitambue neno. Turnitin siku hizi inaonyesha herufi za namna hiyo kwenye ripoti, kwa hiyo unakuwa umelipia ushahidi dhidi yako mwenyewe. Na jina lililoko kwenye jalada ni lako, si la kijana wa steshenari.

Halafu ielewe hiyo namba. Turnitin ilianza California mwaka 1998, na tangu hapo watu wanaisoma kana kwamba inapima wizi. Haipimi wizi. Inalinganisha maandishi yako na yaliyomo kwenye hifadhi yake, kisha inahesabu yaliyofanana. Ukurasa wa tamko la mwanafunzi, ambao kila mtu chuoni kwenu ameuandika kwa maneno yaleyale, unaweza kuhesabiwa. Orodha yako ya marejeleo pia, na hata nukuu ulizozifunga vizuri kwa alama na kuzitolea ukurasa. Kwa hiyo usikubali kupewa namba peke yake. Omba ripoti kamili, ile yenye rangi. Mwombe mhusika aiendeshe tena huku ameondoa marejeleo na nukuu kwenye hesabu. Mpangilio wa kufanya hivyo upo. Kisha kaa na kilichobaki, rangi kwa rangi. Nimewahi kuona asilimia kubwa ambayo ndani yake hamna kosa lolote, na asilimia ndogo sana ambayo yote ilikuwa aya mbili zilizonyofolewa nzima kwenye makala ya mtu.

Sasa hilo la kubadilibadili maneno. Chukua sentensi hii, niliyoitunga kwa ajili ya mfano. Tuseme iko ukurasa wa 14 wa kitabu cha Mwandishi A:

"Wakazi wa delta ya Rufiji hukata mikoko kwa ajili ya nguzo za nyumba, na kila mti unaokatwa huacha tope wazi linalochukuliwa na maji ya bamvua."

Ukifuata ushauri wa wenzako, utaandika: "Wenyeji wa delta ya Rufiji hufyeka mikoko kwa ajili ya boriti za majumba, na kila mti unaofyekwa huacha matope wazi yanayozolewa na maji ya bamvua." Mashine inaweza kukupa asilimia ndogo kwa hilo. Mimi nitakupa sifuri. Sentensi ni ya Mwandishi A: mpangilio wake, hoja yake, hata pumzi ya katikati imekaa palepale. Ukiiandika hivyo bila kumtaja umemwibia. Ukimtaja bila alama za nukuu, unamwambia msomaji kwamba usemi ni wako na fikra tu ndiyo yake, na hilo nalo si kweli.

Njia ya haki ni mbili. Ama unamnukuu vilevile, ndani ya alama, na uk. 14. Ama unasoma aya nzima, unafunga kitabu, unajiuliza huyu mtu kwangu mimi anasema nini, unaandika, ndipo unafungua kulinganisha. Ukifanya hivyo kwa kweli utaandika kitu kama hiki: "Kwa Mwandishi A, hasara ya ukataji mikoko Rufiji haiishii kwenye miti, kinachopotea ni udongo, unaobaki bila kinga bamvua linapoingia (uk. 14)." Umeona? Hapo umechagua. Umemweka upande fulani wa mjadala wako, na msimamizi anaanza kukusikia wewe. APA, ule mtindo wa marejeleo wa mwandishi na mwaka, haikulazimishi kuweka ukurasa ukieleza kwa maneno yako. Mimi nakusihi uuweke, kwa sababu mtahini naye ana haki ya kufungua.

Nukuu ya neno kwa neno itunze kwa mahali inapohitajika: fasili ambayo utaishika sura nzima, kifungu cha sheria, ushairi, au kauli unayotaka kuipinga na hutaki mwenyewe aje kusema umempotosha. Na ukishainukuu usiiache imesimama peke yake halafu ukarukia nyingine. Sema umeona nini ndani yake. Sura ya pili, ile ya mapitio ya maandiko, kwa wanafunzi wengi ni nukuu baada ya nukuu: fulani alisema, fulani naye akasema, fulani akaongeza. Ukizitoa nukuu zote hapo, kinachobaki ni viunganishi.

Hujambo Mwalimu. Ninaandika tasnifu ya uzamifu kwa Kiswahili, niko Eldoret. Vyanzo vyangu karibu vyote ni vya Kiingereza. Msimamizi mmoja anataka nukuu zibaki kwa Kiingereza, wa pili anataka zote zitafsiriwe. Nikitafsiri mwenyewe, bado ni nukuu?

Sijambo. Swali lako ni zito, na wengi wanaoandika kwa Kiswahili hulipita kimyakimya.

Kwa APA, toleo la saba, jibu liko wazi: tafsiri uliyoifanya wewe inahesabiwa kuwa ni maelezo yako ya maneno ya mwenzako, kwa hiyo unamtaja mwandishi na mwaka lakini hufungi alama za nukuu. Kama tafsiri ilishachapishwa na mtu mwingine na wewe unatumia hiyo, hapo unanukuu maneno ya tafsiri yenyewe, na mfasiri anatajwa kwenye orodha ya marejeleo. Chicago na MLA, mitindo mingine ya marejeleo, ni wapole zaidi: wanakubali uweke tafsiri yako ndani ya alama mradi useme wazi kwamba ni tafsiri yako. Ndiyo maana katika tasnifu nyingi za Kiswahili utaona "(tafsiri yangu)" mwishoni mwa nukuu.

Ukiniuliza ninachokipenda, matini yako iwe ya Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, na maneno asilia uyaweke kwenye tanbihi pale ambapo hoja inategemea namna mwandishi alivyosema. Kwingine kote tafsiri inatosha. Msomaji wa Kiswahili asilazimishwe kuruka mto kila aya. Lakini wasimamizi ni wawili na mtahini utampata mwingine, kwa hiyo usichague peke yako: waandikie barua pepe moja, wote wawili, uwaombe wakubaliane kabla hujaandika sura ya pili. Majibu yao yahifadhi.

Kitu kimoja ninachokiona sana katika tafsiri hizi kinanitia hofu kuliko alama za nukuu. Mwandishi kasema "huenda", "inaelekea", "katika baadhi ya vijiji tulivyovitembelea". Tafsiri inasema "ni", "imethibitika", "Afrika Mashariki". Mwanafunzi hakukusudia ubaya. Kiswahili kilimteleza mkononi kwa sababu alikuwa na haraka. Ila sasa kuna mtaalamu mahali fulani aliyesemeshwa jambo ambalo hakulisema, na mwaka ujao mwanafunzi mwingine atamnukuu kutoka kwako. Ukimaliza kutafsiri, rudi upekue maneno madogo ya tahadhari, moja moja. Hayo ndiyo yaliyobeba hoja ya mwenzako.

Assalamu alaykum Bi Mkutubi. Nipo Unguja, naandika juu ya utendi wa Mwana Kupona. Mwalimu kanambia niyageuze maneno ya Kiamu, lahaja ya Lamu, yawe Kiswahili sanifu ili wasomaji waelewe. Na mwaka niweke upi?

Waalaykum salaam. Usiyaguse, nakuomba sana. Utendi unaanza kwa "Negema". Ukiandika "Sogea" hujamnukuu Mwana Kupona, umeandika ushairi wako na kumbandikia jina lake. "Upulike", yaani usikilize, ibaki "upulike". Vina vyenyewe na mizani vitakuumbua ukijaribu. Mwalimu wako ana wasiwasi wa haki kuhusu msomaji, na dawa yake ipo: maana ya maneno magumu iweke kwenye tanbihi, au ndani ya mabano ya mraba mara tu baada ya neno, ambapo kila mtu anajua kwamba anayesema ni wewe.

Tena hapo pana jambo ambalo ukilitambua litaipandisha kazi yako. Utendi huu ulitufikia kwa miswada ya hati za Kiarabu. Kila mhariri aliyeuhamishia kwenye herufi za Kirumi alifanya maamuzi yake: irabu ipi, maneno yaachane au yaungane, ubeti upi utangulie. Kwa hiyo unapoandika "Mwana Kupona anasema", kwa kweli unasoma Mwana Kupona kama alivyosomwa na mhariri fulani. Mtaje huyo mhariri. Kwenye matini sema kwamba utendi ulitungwa mwaka 1858, kisha kwenye mabano weka mwaka wa chapisho lililo mkononi mwako. Kama ni lile la Alice Werner na William Hichens, ni 1934. Na toa namba ya ubeti pamoja na ukurasa, ili mwenye chapisho jingine naye asiachwe njiani.

Mistari miwili au mitatu unaweza kuiingiza ndani ya sentensi yako ukiitenga kwa mkwaju (/). Ikizidi hapo, ishushe, isimame yenyewe kama ilivyo kitabuni, bila alama za nukuu. Beti ni beti. Usizimimine zikawa nathari ili kuokoa nafasi.

Mwalimu, mimi ni wa Mombasa. Kila nikiandika "Mazrui (1998)" msimamizi anapiga mstari mwekundu na alama ya kuuliza.

Yuko sahihi, maana Mazrui ni wengi. Una Ali A. Mazrui, mwanasayansi wa siasa, na una Alamin M. Mazrui, mwanaisimu na mwandishi wa tamthilia. Wote majina yao ya kwanza yanaanza na A, na kitabu chao cha mwaka 1998 kuhusu lugha na jamii Afrika waliandika pamoja. Kikiwa ni hicho, andika Mazrui na Mazrui (1998). Wakiwa mbalimbali, weka herufi zote mbili za mwanzo hata ndani ya matini: A. A. Mazrui, A. M. Mazrui. Vivyo hivyo kwa kina Mohamed, kina Abdalla na kina Mbaabu wa eneo letu. Usidhani msomaji atajua unamkusudia nani.

Shikamoo Mama. Nimetoka Bujumbura, shahada ya kwanza nilisoma kwa Kifaransa. Kule tuliweka vyanzo kwenye tanbihi na kuandika ibid. na op. cit. Hapa wamenikatia zote.

Marahaba, karibu. Hukufundishwa vibaya, umehama mtindo. Vyuo vingi vinavyofuata desturi ya Kifaransa vinaweka chanzo chini ya ukurasa, na hapa idara nyingi zinatumia mwandishi na mwaka ndani ya mabano. Ukiwa na APA, hakuna ibid. (palepale) wala op. cit. (katika kazi iliyokwisha kutajwa): unarudia jina na mwaka kila mara. Hata Chicago, wanaotumia tanbihi, tangu toleo lao la mwaka 2017 wanashauri uandike jina la ukoo na jina la kitabu kwa ufupi badala ya ibid. Sababu nzuri wanayo. Siku ukiingiza tanbihi mpya katikati, ibid. zote zilizo chini yake zinaweza kuanza kumtaja mtu mwingine, na wewe hutaona.

Uliza pia idara inataka toleo lipi. APA ya saba, iliyotoka mwishoni mwa 2019, imeondoa mji wa uchapishaji, kwa hiyo ile "Dar es Salaam:" kabla ya jina la mchapishaji haihitajiki tena. Waandishi wakiwa watatu au zaidi, andika wa kwanza "na wenzake" tangu mara ya kwanza. Nukuu ya maneno 40 au zaidi ndiyo inayoshushwa na kuingizwa ndani bila alama. Lakini mwongozo wa chuo chako ukisema vingine, mwongozo ndio unaoshinda.

Habari za kazi, Mama Mkutubi. Nafundisha sekondari Mwanza na najiendeleza. Niliiomba ChatGPT marejeleo kumi kuhusu uradidi, yaani kurudiwa kwa neno au sehemu yake, katika Kiswahili. Ikanipa majina ya makala, majarida, juzuu hadi kurasa. Mawili sijayaona popote. Niyafute hayo mawili niendelee?

Nzuri, mwalimu mwenzangu. Na yale manane, umeyafungua, au umeona tu kwamba majina yake yanaonekana ya kweli?

Nauliza kwa sababu hapo ndipo watu wanapoanguka. Programu ya namna hiyo inatunga maneno yanayoelekea kufuatana, basi. Inaweza kukupa mwanaisimu wa kweli, jarida la kweli, mwaka ambao jarida lilikuwa linatoka, na makala ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiandika. Juni 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa sababu katika shauri dhidi ya shirika la ndege la Avianca waliwasilisha hukumu za kesi ambazo ChatGPT ilizitunga. Walikuwa mawakili, wenye maktaba za sheria, na hawakufungua.

Kwa hiyo yachukue yote kumi. Kama chanzo kina DOI, ile namba inayoanza na 10, iingize kwenye doi.org uone kama inakupeleka kwenye makala hiyohiyo au kwenye jambo jingine kabisa. Kama ni jarida letu, mathalani Mulika, Kiswahili au Kioo cha Lugha ya TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tafuta juzuu yenyewe na usome ukurasa wa yaliyomo. Makala ikiwepo, isome. Usiposoma, usiitaje hata kama ipo. Na kama chuo chako kinaruhusu kutumia programu hizo, sema kwenye kazi yako ulizitumia wapi na kwa ajili ya nini.

Maadamu uko Mwanza na unafundisha, niruhusu niongeze moja ambalo wanafunzi wako watakuletea: kauli za Mwalimu Nyerere zinazozunguka kwenye simu, zimeandikwa juu ya picha yake. Nyingine ni zake, nyingine zimepunguzwa, nyingine zimebuniwa na mtu aliyedhani Mwalimu angesema hivyo. Hotuba na maandishi yake yamekusanywa katika juzuu tatu zilizochapishwa na Oxford University Press: ya 1966 inabeba miaka ya 1952 hadi 1965, ya 1968 inaendelea hadi 1967, na ya 1973 inafika mwaka huo. Maktaba kubwa wanazo. Mtume mwanafunzi akatafute hotuba, tarehe na ukurasa. Asipoipata, kauli hiyo isiingie kwenye insha yake, hata iwe tamu vipi. Mtu aliyezungumza na kuandika kwa uangalifu kama yule tunamkosea heshima tukimlisha maneno.

Shikamoo Mama. Niko Iringa. Kuna kitabu kila tasnifu kwenye fani yangu inakitaja, lakini chenyewe sijawahi kukishika. Nikikiacha nitaonekana sijasoma. Nimekiweka kwenye orodha kama wenzangu. Vibaya?

Marahaba. Ndiyo, vibaya, na nitakuambia kwa nini linaniuma. Nikiwa kazini nilikuwa nikifuatilia kurasa ambazo wanafunzi walishindwa kuzipata. Mara kwa mara kosa lilikuwa la mtu mmoja wa zamani aliyegeuza tarakimu, akaandika 217 mahali pa 271, na waliomfuata wote wakanakili 217. Kila mmoja wao alikuwa ameapa kwenye ukurasa wa tamko kwamba kazi ni yake.

Sema ukweli tu. Kama umemsoma B akimnukuu A, andika A, kama alivyonukuliwa katika B, pamoja na mwaka na ukurasa wa B. Kwenye orodha ya marejeleo anaingia B peke yake. Hakuna mtahini wa maana atakayekudharau kwa hilo, mradi usilifanye kila aya. Lakini kabla ya kufika huko, mwombe mkutubi wako. Maktaba huazimana vitabu, na wakati mwingine kurasa chache zinaweza kupigwa picha na kutumwa. Wanafunzi hawajui kwamba hiyo ni kazi yetu na kwamba tunaipenda.

Na kuanzia leo, kila unapodondoa sentensi kwenye daftari, andika ukurasa kabla hujaandika sentensi. Ukiwa na kompyuta, pakua Zotero. Ni ya bure, na imekuwepo tangu 2006. Itakupangia orodha, ila itakubali chochote utakachoilisha, kwa hiyo majina ya waandishi yakague mwenyewe.

Mama Mkutubi, nilihoji wavuvi wazee huku Tanga. Wamenipa maneno makubwa kuliko vitabu. Niwaweke kwenye marejeleo?

Maneno yao yaweke kwa ukamilifu wake, kwa lahaja yao, kama walivyosema. Wakisema "n'kenda", usiwasahihishe. Ila kwenye orodha ya marejeleo hawaingii, kwa sababu msomaji hawezi kwenda kuwafungua kama kitabu. Wanatambulishwa ndani ya matini: mvuvi, umri, mahali, tarehe ya mahojiano, kwa jina la kupanga au alama uliyoieleza kwenye sura ya mbinu. Kama uliwaahidi kuwaficha, usimtaje mzee kwa namna ambayo kijiji kizima kitamjua: mwenye ngalawa ile, mtoto wa fulani. Kama kuna aliyetaka jina lake litajwe, kwa kuwa maarifa ni ya ukoo wake, pata idhini yake, ionyeshe kwa kamati ya maadili, kisha mtaje kwa heshima zote. Kanda na nakala za mahojiano zitunze. Kwa chanzo cha aina hii, kanda na dakika ndizo ukurasa wako.

Salaam. Mimi ni mtumishi wa umma, nilihitimu uzamili zamani kidogo. Juzi niliisoma tena tasnifu yangu nikakuta aya za watu ambazo sikuzifunga alama. Haikuwa kusudi, nilinakili kwenye daftari nikasahau ni za nani. Hakuna aliyegundua. Ninyamaze?

Usinyamaze. Nimefurahi kwamba umeisoma na kwamba imekusumbua.

Tasnifu siku hizi hazilali kabatini. Vyuo vinaziweka kwenye hazina za kidijitali, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Karl-Theodor zu Guttenberg alikuwa waziri wa ulinzi wa Ujerumani wakati watu mbalimbali walipogawana tasnifu yake ya uzamivu mtandaoni na kuilinganisha na vyanzo ukurasa kwa ukurasa. Februari 2011 Chuo Kikuu cha Bayreuth kilimvua shahada hiyo, na tarehe 1 Machi akajiuzulu uwaziri. Sikutajii habari yake ili kukutisha. Nakutajia kwa sababu yeye alisubiri wengine waje kumfungulia kitabu, na wewe umejifungulia mwenyewe.

Kaa na tasnifu yako mwishoni mwa wiki. Tengeneza jedwali: ukurasa wako, aya, chanzo, ukurasa wa chanzo, na vile ilivyopaswa kuandikwa. Baadhi utashindwa kuzipata zilikotoka. Hizo ziorodheshe hivyohivyo. Kisha mpigie aliyekuwa msimamizi wako kabla ya mtu mwingine yeyote, umweleze. Barua iende kwa kurugenzi ya masomo ya uzamili, ukiambatisha jedwali, ukiomba kujua utaratibu wa kusahihisha. Uamuzi ni wao, na unaweza kuwa mzito. Nakala ya tasnifu iliyoko maktaba usiiguse mpaka wakujibu. Kama vyanzo vyenyewe vinakusumbua kupatikana, niandikie tena na majina yake, nitakusaidia kuvitafuta.